Waliopanda kwa Filimbi

Jumamosi ile mimi nilitaka kulala tu. Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali, na mtu anayefua mashuka ya hospitali wiki nzima, ikifika Jumamosi hana shida ya kwenda kutazama mto. Maji anayaona ya kutosha. Lakini mume wangu alikuwa na mapumziko, na reli huwapa wafanyakazi wake safari moja ya bure na familia kila mwaka, na yeye si mtu wa kuacha cha bure.

Mume wangu ni gadi wa treni. Ndiye yule mwenye kofia na kibendera cha kijani, anayesimama kwenye mlango wa behewa la mwisho, akatazama huku na huku, akapuliza filimbi, na treni ikaondoka. Mtaa mzima wanamwita Gadi. Kazi yake anaipenda kuliko inavyompenda yeye. Hata nyumbani tunaishi kwa filimbi: akipuliza mara moja, chakula kiko mezani, mara mbili, watoto waingie ndani, mara tatu, tunaondoka, na atakayechelewa shauri yake. Mwanzoni niliona ni kichekesho. Baadaye nilizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Watoto wetu ni wawili. Wa kwanza ni binti, alikuwa na miaka tisa, na tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haufungwi hata akilala. Wa pili ni mvulana wa miaka mitano. Huyo tunamwita Mzee, maana anatembea mikono nyuma na hasemi neno mpaka amelifikiria.

Tulipanda treni ya asubuhi kwenda kwenye delta ya mto. Nilibeba mkate, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai na nguo za kubadilisha, kwa sababu watoto na maji nawajua.

"Baba, delta ni nini?" Chiriku aliuliza.

Gadi akakohoa kuanza hotuba. Nikamwahi. "Ni mahali mto unapochoka. Umetoka mbali, umebeba tope la watu wote, ukikaribia bahari unajigawa vijito vijito, kila kimoja kinajiendea kivyake."

"Kama wewe jioni," akasema Chiriku.

Gadi alicheka mpaka akavua kofia. Alikuwa ameivaa kofia ya kazi, siku ya mapumziko, na filimbi shingoni.

Kwenye kituo cha katikati behewa lilijaa. Akaingia mama mmoja mtu mzima na kikapu, na kabla sijasema kitu Chiriku alishasimama. "Karibu ukae, bibi." Yule mama akanitazama akasema nimelea. Nilijisikia vizuri. Ni kitu kidogo, lakini mimi sisifiwi mara nyingi.

Reli inaishia kwenye stesheni ndogo isiyo na hata kivuli, na kutoka pale unateremka kwa miguu hadi kwenye boti. Boti tuliyoipata iliendeshwa na mwanamke wa makamo, viatu vya mpira hadi magotini, mtu wa maneno ya kupimwa. Wenzake walimwita Nahodha, na sisi tukafuata.

Sitasema uongo, kulikuwa kuzuri. Jua lilikuwa la wastani, matete yamesimama kila upande marefu kuliko nyumba, na vijito vilipindana hata hujui ulikotoka. Ndege walikuwa wengi. Chiriku aliuliza jina la kila mmoja, na Nahodha alijibu wale aliowajua, na kwa wale asiowajua akasema, "Huyo hatujatambulishwa." Niliketi nikanyoosha miguu. Nikafikiri, kumbe mtu anaweza kukaa tu, bila kukunja chochote.

Saa sita Nahodha alitufikisha kwenye kisiwa chenye gati la zamani la saruji. Kivuko kilikuwa kikisimama hapo siku za nyuma, akasema. Palibaki banda lisilo na paa na mabenchi marefu ya saruji, safu kwa safu. "Kuleni, mpumzike. Mimi nitabaki kwenye boti. Wakati ukifika nitawapungia kitambaa."

Nilitandika chakula kwenye benchi la mbele. Lilikuwa limelika, limefanya vishimo, kimoja baada ya kingine kwa nafasi sawa, kama vile watu walikaa pale muda mrefu sana. Saruji ilikuwa baridi wakati jua liko utosini.

Mzee alikataa kukaa. Alisimama mikono nyuma, akitazama mabenchi.

"Kaa ule, baba."

Akafikiri. "Kumejaa," akasema.

Tulimcheka. Akala amesimama.

Baadaye kidogo watoto walitangulia kwenye matete kutafuta manyoya ya ndege, na Nahodha akasimama kwenye boti akapunga kitambaa chekundu. Niliwaona watoto hawajamwona. Nilikuwa nainuka kuwafuata. Gadi akaniwekea mkono begani.

"Wewe pumzika. Hii ni kazi yangu."

Akapanda juu ya benchi, akavuta kofia vizuri, akapuliza mara tatu. Filimbi ya treni si ya mchezo. Ililia juu ya maji, ikaenda, ikarudi kutoka kila kijito.

Ndege wakanyamaza. Wote.

Watoto walikuja mbio wakicheka. Nyuma yao matete yalikuwa yanafunguka. Hapakuwa na upepo. Yalifunguka na kujifunga, mahali pengi kwa wakati mmoja, yakija upande wetu.

Nahodha alikuwa ameshuka kwenye maji hadi magotini. "Nani amepuliza?"

"Mimi," akasema Gadi. Bado alikuwa anatabasamu.

"Panda. Pandeni. Usiipulize tena hiyo kitu."

Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha. Nimefanya kazi hospitali, najua mtu anayenong'ona kwa sababu mambo yameshaharibika.

Tulipanda. Boti ikayumba, kama kawaida. Kisha ikayumba tena, na sisi wote tulishakaa. Ikayumba tena. Kila mara ilishuka kidogo. Niliangalia ukingo. Tulipokuja, maji yalikuwa mbali nao, mkono wa Mzee ulikuwa haufiki. Sasa yalikuwa yanaulamba.

"Nahodha," nikasema.

"Shh. Mkae mlivyo. Asiinuke mtu. Ukiguswa usigeuke."

Injini ililia kwa mzigo. Tuliondoka polepole, kama trekta kwenye tope. Kulikuwa na harufu. Naijua harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye maji, na ilikuwa ile, lakini na tope ndani yake, na moshi wa kuni. Mtu akakohoa. Nilimtazama Gadi. Alitikisa kichwa. Si yeye.

Tabasamu lilikuwa limemtoka.

Mzee alijisogeza akanibana. Alikuwa anakunja miguu yake chini ya ubao, kama mtu anayewapa wengine njia. Hakulia. Laiti angelia.

Chiriku alikuwa mbele yangu, peke yake kwenye ubao wake. Mdomo umefungwa. Alikuwa anatazama juu, mahali uso wa mtu mzima aliyesimama ungekuwa. Alitazama muda. Akaona haya. Nilimjua mwanangu, nilijua kinachokuja, na nilinyoosha mkono kabla hajafungua mdomo.

"Karibu ukae, bibi," akasema. Akasimama.

Nilimshika gauni, nikamvuta arudi chini. Hakurudi. Nilipeleka mkono kwenye ubao nione amezuiwa na nini.

Mkono wangu haukufika kwenye ubao.

Tulifika ng'ambo, kule tulikopandia boti. Boti haikuinuka. Nahodha alituambia tushuke, na nilipokuwa natoa viatu vya Mzee, akasimama na mume wangu pembeni. Nilisogea nisikie, maana najua mume wangu hubeba habari nusu nyumbani.

"Mwaka wa mafuriko makubwa," Nahodha alisema, "watu wa visiwani waliambiwa wakusanyike pale gatini. Wakae, wasitawanyike. Wakisikia filimbi ya kivuko, wapande. Kivuko hakikutumwa. Wakuu walikuwa bado kwenye kikao. Maji yakapanda, na wao wamekaa, kwa sababu waliambiwa wasubiri." Akatema mate majini. "Sisi pale hatupigi honi, hatuiti mtu. Sikuwaonya. Nani huja kula mayai kisiwani na filimbi ya treni?"

"Sasa?" nikauliza mimi.

"Sasa wamepanda. Wanamfuata aliyewaita." Akamtazama Chiriku, aliyekuwa amesimama kwenye mchanga, mikono imeshika kitambaa cha gauni. "Na yule mmoja amekaa pa mtoto."

Gadi alisema hayo ni mambo ya watu wasiosoma. Alisema kwa sauti ya chini, akiwa tayari anatembea.

Behewa la kurudia lilikuwa tupu. Sisi wanne tu. Kituo cha kwanza watu walifungua mlango, wakasimama, wakatazama ndani, wakaenda behewa lingine. Kituo cha pili vilevile. Mkagua tiketi, kijana anayefanya kazi na mume wangu, alichungulia, akasema, "Leo umejaza, mzee," akafunga mlango. Gadi hakuinua kichwa. Alikuwa anatazama sakafu. Kulikuwa na maji, yametulia kati ya viti, na tulikuwa hatujamwaga kitu.

"Kaa, mwanangu," nilimwambia Chiriku.

"Pana mtu, mama."

"Njoo basi huku kwangu."

Alijaribu. Aliinama, magoti yakagoma nusu ya njia, akainuka. "Ananifuata," akanong'ona. "Kila ninapotaka kukaa, ameshakaa."

Alisimama njia yote, ameshika chuma, anayumba na treni. Ndiyo siku ya kwanza niliyomjua Chiriku amenyamaza.

Nilidhani litapita. Mimi si mtu wa kukimbilia mambo makubwa. Lakini Jumatatu mwalimu aliniita, mtoto amekataa kukaa darasani na wenzake wanamwita Mlingoti. Alikula amesimama. Alifanya hesabu amesimama, daftari juu ya friji. Kulala ndiko kulikonimaliza. Godoro nalo lilikuwa limekaliwa. Alilala akiegemea kabati, kichwa kwenye mto niliomfungia pale kwa kamba, na mimi chini miguuni mwake, nikiisugua miguu ile hadi asubuhi. Ilivimba. Ngozi ilianza kung'aa, halafu ikapasuka juu ya vifundo. Daktari wa kwetu hospitalini alimpima kila kitu. Akaniambia faraghani kwamba mtoto akiendelea hivi damu itaganda miguuni, na mimi najua maana yake, mashuka ya watu hao huja kwangu.

Wale wengine hawakuingia vyumbani. Walikuwa na adabu, niseme hivyo. Walisimama ukumbini. Nilipiga deki asubuhi, na kabla sijakamua tambara, sakafu imelowa tena. Alama za visigino. Na kila Gadi alipotoka kwenda kazini, sakafu ilikauka. Alipoingia, ikalowa.

Mama mkwe alikuja, akatazama, akasema kwenye ukoo wao hakuna kitu kama hicho, kwa hiyo kimetoka upande wangu. Nikampa chai. Nilikuwa sina nguvu ya kugombana na mtu aliyekaa.

"Ni ukaidi tu," Gadi alisema jioni moja. "Unamdekeza. Mtoto anakaa au hakai?"

"Mkalishe basi."

Sikudhani atafanya. Alimshika Chiriku mabegani, akamgeuza mbele ya kiti cha jikoni, akamsukuma chini. Chiriku alipiga kelele. Gadi akasukuma zaidi, mishipa ya shingo imetoka, mwanamume mzima dhidi ya mtoto asiye na nyama. Mtoto alikuwa amekaa hewani. Kati yake na kiti palikuwa na kitu kinachobeba.

Kisha Gadi aliachia ghafla. Viganja vyake vilikuwa vinatiririka maji. Uso ulikuwa umempauka kwa woga.

"Nini?" nikauliza.

"Amenikohoa sikioni," akanong'ona.

Nilimpeleka Chiriku kwenye kabati lake. Niliporudi, Gadi alikuwa bado yuko palepale jikoni. Nilikuwa nimelifikiria jambo lile wiki nzima, huku mikono iko kwenye sabuni.

"Baba Chiriku, treni ikifika mwisho wa reli huwa unafanya nini?"

"Nini tena?"

"Jibu tu."

"Natangaza. Nahakikisha wote wameshuka. Ndipo nashuka mimi."

"Wale uliwapandisha. Wakafika ng'ambo, walikokuwa wanakwenda. Nani aliwaambia wamefika?"

Alijipangusa viganja kwenye suruali.

"Waliambiwa wasubiri, wakasubiri mpaka wakafa. Hao si watu wa kushuka bila kuambiwa."

"Unataka nisimame na sare, mbele ya watu wazima, niitangazie hewa? Wenzangu wakisikia nitaweka wapi uso wangu?"

"Weka pale ulipoweka filimbi," nikasema, nikaenda kusugua miguu ya mtoto.

Asubuhi nilikuta amepiga pasi sare yake mwenyewe. Hajawahi. Ilikuwa na mikunjo miwili kila mguu, lakini sikusema kitu.

Tulikwenda wote, maana hatukuwa na wa kumwachia Mzee. Behewa lilikuwa vilevile, tupu na limejaa. Chiriku tulimfunga kitambaa kiunoni, tukakifunga kwenye chuma, asianguke. Nahodha alipotuona hakuuliza. Alimtazama mtoto miguu, akaenda kuwasha injini.

"Kisiwani hatuendi," nilimwambia. "Tuzungushe kidogo, kisha utufikishe hapahapa."

Akanielewa haraka kuliko mume wangu. Tulipanda. Boti ikashuka, ikashuka, ikashuka, mpaka ukingo ukawa sawa na maji. Akatuzungusha nyuma ya matete ya karibu, akarudi taratibu, akaiegesha kwenye sakafu ya saruji inayopanda kutoka mtoni kwenda barabarani. Akazima injini.

Gadi alisimama. Alipuliza mara moja, fupi.

"Abiria wote," akasema. Akamtupia jicho Nahodha. Akaanza upya. "Abiria wote, hapa ndipo mwisho wa safari. Tumefika ng'ambo. Shukeni taratibu, wenye watoto watangulie. Angalieni msisahau mizigo yenu." Akaongeza kitu ambacho si cha kazi. "Samahanini kwa kuchelewa."

Hakuna kilichotokea.

Kisha boti ikainuka. Kidogo. Ikainuka tena. Ile saruji kavu ikalowa palipogusana na maji, na ule umajimaji ukaanza kupanda. Miguu. Mikubwa, mipana, iliyopinda. Mingine midogo kama ya Mzee, ikienda kwa kurukaruka. Mmoja ulikuwa unaburutwa. Ilipita, na mingine ikaja juu yake, na mingine, mpaka saruji yote ikawa nyeusi. Ilifika barabarani, ikageuka kulia, kuelekea mjini. Ikaishia hapo.

Mzee alikuwa anapunga mkono. "Wamefika," akasema.

Gadi alivua kofia. Ukingo wa boti ulikuwa juu, karibu kama siku ile ya kwanza. Karibu.

Chiriku alikuwa bado amesimama.

"Bibi ameshuka?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa mikavu. "Anasema yeye amechoka sana, mama. Anasema mimi nilimwambia akae."

Nilimgeukia Nahodha. Alikuwa anafunga kamba bila haja ya kuifunga. "Huyo alikaribishwa," akasema polepole. "Filimbi haimhusu. Hatoki mpaka apate pengine pa kukaa."

Nilimtazama baba yake. Alikuwa ameitoa filimbi mdomoni, anaipangusa kwa kitambaa, upande huu, kisha upande ule. Alikuwa amesikia kila neno. Nilisubiri kidogo. Aliipangusa tena.

Sikumwuliza. Ukishajua jibu, kuuliza ni kujitafutia uchungu wa pili.

Nilitazama miguu ya mwanangu, bandeji zimelowa maji ya njano. Halafu nikatazama yangu. Wiki ile tulikuwa na mashine moja mbovu, nilifua kwa mkono mashuka ya wodi mbili. Nilikuwa nimekaa kwenye ule ubao, na nilikuwa nausikia mgongo wangu wote ukishukuru. Nilikaa kidogo zaidi. Nadhani nilikuwa na haki hiyo.

Kisha nikasimama.

"Bibi," nikanong'ona, "mwachie mtoto nafasi yake. Njoo ukae hapa kwangu. Hapa ndipo pazuri."

Kitu baridi kilinipita kwenye goti, kama shuka lililolowa linapovutwa kutoka kwenye beseni. Ubao nyuma yangu ukalia.

Chiriku alikunja magoti. Alikunja taratibu, haamini, mikono imetanguliza nyuma kama kipofu. Akakaa. Akaanza kulia, halafu akalala palepale, kabla hatujafika stesheni. Gadi alimbeba njia nzima. Alisema, "Tumshukuru Mungu yameisha." Nilikuwa nimeshika chuma, nayumba na treni.

Hayo yamepita muda. Miguu ya Chiriku imepona, imebaki alama tu, na mdomo umemrudia. Filimbi iko kazini, nyumbani hailetwi tena.

Ninaandika haya juu ya meza ya kupigia pasi.

Siku za kwanza niliogopa watu watagundua. Sikuwa na haja ya kuhofu. Ninapakua nimesimama, nakula nimesimama kwenye sinki, nakunja nguo, nashona vifungo, nasikiliza habari za kazini za mume wangu huku nimeegemea mlango. Wote wanaona ni kawaida. Gadi aliniuliza mara moja tu, na ilikuwa baada ya miezi: "Mbona hukai, mama Chiriku?" Nikasema nitakaa nikimaliza. Akaridhika, akageuza gazeti. Kazini mwenzangu wa zamu alinitania, akasema, "Sisi nani anakaa?" Tukacheka wote wawili. Nalala nimeegemea kabati, kwenye ule mto wa mwanangu. Bandeji zangu nazifua mwenyewe.

Kiti changu pale jikoni huwa kimelowa. Nakipangusa asubuhi, nakipangusa jioni. Kwa hilo sina neno. Aliyesubiri vile, na akakaribishwa, akae.

Lakini wiki iliyopita kulikuwa na soksi ya shule ya Chiriku, imetoboka kisigino, iko kwenye kapu nikipata nafasi niishone. Nafasi sikuipata. Alhamisi nilifanya zamu mbili mfululizo, nikarudi nyumba nzima imelala. Ijumaa niliikuta juu ya kiti. Imeshonwa. Mshono ulikuwa mdogo, umebanana, mzuri kuliko wangu, kwa uzi wa rangi ya tope ambao nyumbani kwetu hatuna.

Nilimuuliza Gadi, akasema yeye na sindano wapi na wapi. Nikamuuliza Chiriku nani amemshonea.

Alinitazama kama namtania.

"Si wewe, mama? Jana jioni nzima ulikaa pale na sisi, ukashona. Ukanichana na nywele." Akaikunja ile soksi, akaitia mfukoni. "Nilifurahi umekaa."

Niliichukua nikaifua kwa maji ya moto, nikaianika kwenye kamba, juani. Kazi hiyo naijua. Soksi ya mtoto haimalizi hata saa mbili kukauka.

Mpaka leo inadondosha.